Jina Trygve maana yake nini jamani?

Mama Junior, Ipagala:
Habari zenu wapendwa, mdogo wangu ameolewa na Mnorwei na juzi wamepata mtoto wa kiume wamemwita Trygve, sasa bibi huku Mvumi kulitamka anashindwa kabisa na anauliza ni la dini au la ukoo, naombeni msaada nimweleze vizuri

Mdau wa Kikuyu:
Hongereni sana dada. Ni jina la zamani mno, lilikuwepo kabla Ukristo haujashika huko, limetoka kwa neno tryggr la lugha yao ya kale, yaani mwaminifu, mtu wa kutegemewa. Tamka Trigve tu inatosha, ila wenyewe hiyo y wanaitoa midomo imebana kama anayepiga mluzi. Waislandi wanasema Tryggvi. Bibi mwambie mjukuu anaitwa Mwaminifu

Mwalimu mstaafu:
Naongezea hapo. Katibu Mkuu wa kwanza wa UN alikuwa Trygve Lie, kuanzia 1946 mpaka 1952, na Tanganyika yetu ilipowekwa chini ya udhamini wa UN Desemba 1946 yeye ndo alikuwa ofisini! Hilo jina limetugusa kabisa. Tena Trygve Haavelmo alipata Nobel ya uchumi 1989. Siku hizi wanaoitwa hivyo wengi ni wazee, watoto ni wachache sana, mi nimefurahi wamelirudisha

Mama Junior, Ipagala:
Asanteni mno, nimempigia bibi sasa hivi, kasema yeye atamwita Mwaminifu