Naomba ushauri: iPod nano iliyotumika, ninunue au niache?

Kipepeo wa Tanga: Ndugu wanajamvi, habari za jioni. Simu yangu inaishiwa chaji kabla sijatoka kazini kwa sababu ya taarabu ninazosikiliza kutwa, hivyo ninafikiria kununua iPod nano, kile kicheza muziki kidogo cha Apple, ya toleo la saba, iliyotumika, kwa shilingi 120,000. Ni nyembamba, ina redio na Bluetooth. Je, sauti yake inaridhisha? Naomba mnijibu mapema, kwani muuzaji ananihimiza.

Babu Kaseti: Mimi nina SanDisk Clip+ ambayo mama watoto aliifua pamoja na shati, akaianika, na hadi leo inaimba. Unachomeka memori kadi, unaibana kwenye kola, unakwenda zako.

Ustadh Mpole: Kabla ya kuuliza habari za sauti, ndugu yangu, ungejiuliza masikio hayo unayalisha nini kutwa nzima. Fedha hiyo ingenunua sare za watoto.

Fundi Mwangaza: Nijibu kilichoulizwa. Sauti yake ni safi, wala tatizo haliko huko. Toleo hilo lilitoka mwaka 2012 likiwa na GB 16, na Apple ikaacha kuuza nano mwaka 2017. Kwa hiyo betri, ambayo ikiwa mpya ilitajwa kudumu saa 30 za muziki, huenda imechoka, na kwa kuwa imechomelewa kwenye bodi, mafundi wengi hatupendi kuigusa. Tena nyimbo zake huingizwa kwa kompyuta yenye iTunes, programu ya Apple ya muziki. Wewe unayo?

Kipepeo wa Tanga: Tusitoke nje ya mada, mkuu. Nimeuliza sauti.

Fundi Mwangaza: Mada ndiyo hiyo. Una kompyuta au huna?

Kipepeo wa Tanga: Sina. Lakini muuzaji amenionyesha kwamba unachomoa kadi, unaipeleka kibandani, wanakujazia nyimbo, kisha unairudisha. Isitoshe, nimeshatanguliza 40,000, na si heshima kumgeuka mtu tuliyekwisha kupatana.

Mpekuzi: Hadithi hii ni ya kutunga. Tangu nano ya kwanza ya mwaka 2005, hakuna hata moja iliyokuwa na tundu la kadi. Bei imetajwa, sifa zimetajwa, haraka nayo imetajwa. Mleta uzi ndiye muuzaji, na hili ni tangazo.

Babu Kaseti: Tangazo gani hilo la kumvunja mteja moyo? Mwacheni aeleze.

Kipepeo wa Tanga: Wallahi sijatunga. Tundu la kadi lipo ubavuni, chini ya vitufe vya sauti, na la chaji ni kama la simu za zamani za Android, lile ambalo waya wake una upande mmoja tu wa kuingilia.

Fundi Mwangaza: Basi hajatunga, ila anauziwa feki. Nano ya saba huchajiwa kwa Lightning, waya uleule wa iPhone 5, nao huingia upande wowote.

Mpekuzi: Kwa hilo naondoa tuhuma.

Kipepeo wa Tanga: Lakini kama inapokea kadi, nami sina kompyuta, si ndiyo hasa inayonifaa?

Fundi Mwangaza: Inakufaa, sikatai. Ila unalipia jina la Apple wakati Apple hamna humo ndani. Mwambie akuachie kwa hiyo 40,000 uliyotanguliza, au akurudishie fedha yako. Na kabla ya kuipokea, ichaji ijae, uiache ipige nyimbo mbele yake.