Nimeacha plastiki ila chakula kinaoza kuliko zamani, nishaurini kabla sijanunua makopo

Kapu_Jipya: Habari wadau. Nina miezi miwili tangu niseme plastiki basi nyumbani kwangu, sokoni naenda na kapu, mboga nachukua zisizofungwa, nyama naenda na bakuli langu. Sasa kila Jumapili natoa kwenye friji mboga zimelegea, mkate una ukungu, mabaki ya chakula yananuka, roho inaniuma jamani. Kuna mtu anauza makopo ya kioo yenye mfuniko, nataka kuchukua 60. Saizi ipi nzuri? Naombeni majibu ya haraka, usingizi sina.

FundiFriji: Makopo baadae. Vitu unavipangaje? Majani ukiyaacha wazi kwenye friji yananyauka siku mbili tu, yafunge na kitambaa chenye unyevu uyaweke kwenye chombo chenye mfuniko. Ndizi mbivu, tufaha na nyanya zinatoa gesi ya ethilini, zikikaa na majani zinayaozesha mapema. Mkate usiweke friji unakauka haraka, kata vipande ugandishe, unatoa vya kula tu.

Kapu_Jipya: Vyombo vyenye mfuniko ndo sina. Vilikuwa vya plastiki, nilivitupa vyote siku ile niliyoamua.

BiMkubwa: Weee, umetupa vyombo vizima?! Chombo kishatengenezwa, kukitumia hadi kichoke ndo kupunguza taka kwenyewe. Mimi nina kopo la siagi aliloniachia marehemu mama, naweka vitunguu saumu, mkwe wangu alitaka kulitupa tukanuniana wiki nzima na mpaka leo akija nalificha.

Mzee_wa_Kapu: Kizazi hiki mnanunua kwa macho. Sisi tulinunua cha leo tukala leo. Ripoti ya 2024 ya UNEP, lile shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, inasema mwaka 2022 zilitupwa tani bilioni 1.05 za chakula, asilimia 60 majumbani. Majumbani, sio mahotelini! Mnamkosea Mungu.

Dada_Hesabu: Mleta mada, mko wangapi hapo ndani?

Kapu_Jipya: Familia ya kawaida tu. Tarehe za kwenye pakiti nazo zinanichanganya.

FundiFriji: "Bora kabla ya" ni habari ya ladha, ikipita onja kwanza. "Tumia kabla ya" ndo ya usalama, hiyo usibishane nayo.

Dada_Hesabu: Hujanijibu. Kawaida ni wangapi?

Kapu_Jipya: Wawili. Mimi na baba yao. Tulikuwa sita, wa mwisho kaondoka juzijuzi kwenda kuanza maisha. Ila wanaweza kuja ghafla wakati wowote, wakute friji tupu? Mama gani huyo? Ndo maana nataka makopo, na sehemu ya hela nishalipa kwahiyo msiniambie nisinunue.

Ukweli_Mtupu: Chai hii. ID mpya, uzi wa kwanza, "kuna mtu anauza makopo", halafu ghafla watoto wameondoka ili tulie. Muuzaji ni yeye mwenyewe, subirini namba ya simu hapo chini.

BiMkubwa: Hata mimi nilishangaa hiyo 60, nani ana rafu za makopo 60?

Mzee_wa_Kapu: Mods fungeni uzi.

Dada_Hesabu: Tangazo gani halina jina wala bei? Mwacheni aongee.

Kapu_Jipya: Sina cha kuuza. Leo asubuhi nimemwaga maziwa pakiti tatu. Mimi na mume wangu hatunywi maziwa, alikuwa anakunywa yule wa mwisho. Nikifika dukani mkono unachukua wenyewe, nimeshazoea, nikirudi nyumbani ndo naona nimebeba ya nini. Na pakiti zenyewe ni plastiki.

Dada_Hesabu: Pole mama. Wiki hii andika kabla ya kutoka, chakula cha watu wawili siku tatu basi. Maziwa yasiandikwe. Siku akija utatoka ukamnunulie, duka lipo.

BiMkubwa: Nisamehe mwenzangu. Wangu walipoondoka nilipika sufuria lile lile mwaka mzima.

Kapu_Jipya: Nimempigia muuzaji, kakubali nichukue 10 tu, yanatosha kwa ile hela niliyolipa. Bado sijajibiwa, lita moja au nusu lita?

FundiFriji: Nusu lita. Na ukigandisha mchuzi usijaze mpaka juu, acha nafasi ya vidole viwili, ukiganda unatanuka kioo kinapasuka.