Nilihukumu michoro ya wanafunzi nikaumbuka. Mtu anajifunzaje kuihakiki picha?

MwalimuKondoa

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari ya kata huku Kondoa. Muhula uliopita kulikuwa na shindano la uchoraji kwa kidato cha pili, mada "Mazingira Yetu", na kazi ya kuhukumu nikatupiwa mimi. Kisa? "Wewe si ndiye unayefundisha uhakiki?" Nikakubali, tena kwa kiburi kidogo.

Michoro ilikuwa 41. Nikachora jedwali langu: usafi alama 5, rangi alama 5, kufanana na kitu halisi alama 10. Wa kwanza akatoka kijana aliyechora mlima wenye theluji na tembo wawili chini yake, kivuli kimekaa mahali pake, mistari imenyooka. Kondoa na Kilimanjaro wapi na wapi, lakini sikujiuliza. Tukampa zawadi mstarini, makofi. Wiki mbili baadaye nasahihisha madaftari, nakutana na mlima ule ule kwenye jalada la daftari. Tembo ni wale wale, hadi yule wa nyuma aliyekatwa mkonga na ukingo wa picha.

Hilo la aibu nimelimeza. Linalonisumbua ni jingine. Kuna binti alichora jiko la bibi yake: mafiga, vyungu viwili, mlango, na bibi mwenyewe asiye na kichwa. Vyungu vikubwa kuliko mlango! Nikampa 3 kati ya 10 kwenye kufanana, nikamwandikia "Nzuri, ila zingatia vipimo." Sasa katika michoro yote 41, ninaoukumbuka nikifumba macho ni huo, na sijui kwa nini.

Nipeni riwaya nitawahakikia saa mbili: fani, maudhui, wahusika, muundo, mtindo. Nikiwekewa picha, nikishasema "nzuri" nimemaliza. Nilijaribu kuibananisha kwenye fani na maudhui, nikajikuta nauliza dhamira ya chungu ni nini. Muhula ujao nimepewa tena kazi hii. Nianzie wapi?

Kibanda7

Mwalimu unajitesa. Sanaa ni jicho la mtu. Mimi sebuleni nina picha ya farasi, naipenda, mke wangu haitaki hata kuiona. Kila akifagia anaigeuzia ukutani. Nani kakosea? Hakuna. Pigeni bahati nasibu mtoe zawadi, watoto wakale.

BrashiKavu

Kibanda7, mkeo ni mhakiki tayari, kimebaki kumuuliza sababu. Muulize leo.

Mwalimu, ugonjwa uko kwenye zile alama 10 za kufanana. Kwa jedwali lako Sam Ntiro angefeli. Huyu ni Mchagga wa Machame, alisoma Makerere na kufundisha hapo hapo. Mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, na picha hiyo leo ni mali ya Museum of Modern Art, New York. Hakuna mtu atakayeichukulia kuwa ni picha ya kamera. Au mchukue Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar kwenye 1968 kwa vipande vya hadibodi na rangi ya kung'aa, ile ya kupaka baiskeli. Anapaka nyuma rangi moja, inakauka, mnyama anakuja juu yake, basi. Ukimdai kivuli, umeulaumu utenzi kwa sababu una vina. Kwanza tafuta kazi yenyewe imejiwekea sharti gani, ndipo uangalie kama imelitimiza au imelikimbia. Hilo kwenye fasihi unalifanya kila siku, sema hujawahi kulipa jina.

Kuhusu kijana wa jalada la daftari: Elimo Njau, mchoraji aliyeanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965, ana msemo wake kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Mimi siendi mbali hivyo. Wanafunzi wa Tingatinga walijifunza kwa kufuatisha kazi ya mwalimu wao, na mkono haujui njia nyingine ya kuanza. Ila zoezi ni zoezi. Ukilipeleka kwenye shindano tutakuuliza nyumbani kwenu tembo wanakaa upande gani.

Mpingo_Mwenge

Shikamoo mwalimu (kama ni mimi niliyekuzidi umri, marahaba). Nachonga pale Mwenge, Dar, mwaka wa 19 huu. Darasa la sanaa sijalikanyaga. Kidogo ninachojua nimekijua kwa kusimangwa na babu yangu, Mmakonde wa Newala.

Babu alikuwa hataki kusikia neno "nzuri". Ukilisema anakwambia, "Nzuri ni chai." Anakupa kinyago mkononi: unaona nini? Mtu. Mtu gani? Mama. Anafanya nini? Amebeba mtoto. Amembeba kwa mkono gani, na uzito umeangukia mguu upi? Hapo umekwama, kwa sababu hukutazama, ulitambua tu. Unarudi chini ya mwembe kukaa nacho. Kufika kwenye kusifu au kuponda, nusu saa imepita, na mara nyingi ulichotaka kusema mwanzo umeshakionea haya.

Nikupe mfano wa juzijuzi. Alikuja mteja na ujamaa mbili, ile nguzo ya watu waliopandana wanabebana, kila moja imetoka kwenye gogo moja. Urefu kama futi moja na nusu zote. Anataka ushauri, anunue ipi. Ya kwanza inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ya pili imefifia, na ubavuni imeachiwa ule ukanda mwembamba mweupe wa nje ya mti, yeye akadhani ni kasoro. Nikazishika. Mpingo ni mzito, ukiutia kwenye ndoo ya maji unazama. Ile inayong'aa nilipoinyanyua mkono ulipaa wenyewe. Nikalowesha kitambaa, nikasugua chini ya kitako. Kikatoka cheusi. Kiwi ya viatu.

Lakini sikiliza, mwalimu, hilo la mti ni la bei tu. Mtu anaweza kuchonga kazi ya maana kwenye mwembe. Nikamwambia mteja tusahau mti, tuangalie mikono. Kwenye ile inayong'aa, watu 11, mikono 22, na hakuna hata mmoja unaoshika kitu. Mkono umefika kwenye mguu wa mtu wa juu, ukaishia pale kama umebandikwa. Ukiufuta, hakuna atakayeanguka. Kwenye ya pili kuna bibi mmoja, wa tatu kutoka chini, amedaka kisigino cha kijana aliye juu yake. Vidole vinne vimezama kwenye nyama ya kisigino, dole gumba limetanuka kwa pembeni, na bega la upande huo limeshuka kuliko la pili. Bega, mwalimu! Mchongaji alijua ukibeba kwa kulia, kulia kunashuka. Halafu geuza nyuma, ambako mnunuzi haangalii: mgongo wa bibi una uti. Ile nyingine nyuma ni alama za tupa tupu, jamaa alichoka akaenda kula.

Kwa hiyo mimi swali langu kwenye kazi yoyote ni hilo la mikono. Nini kinabeba nini hapa? Ukikitoa kitu hiki, kuna kitakachoanguka? Hata kwenye picha ya karatasi linafanya kazi. Jaribu kuviondoa vyungu vya yule binti kichwani mwako uone jiko linabaki nini. Alama za vipimo ziweke pembeni kwanza.

Na jingine, la kumwambia aliyechonga. Babu hakuwahi kuniambia "umekosea". Alikuwa anaweka dole gumba mahali fulani kwenye kazi, anasema, "Hapa ulilala." Unaangalia, kweli ulilala. "Zingatia vipimo" mtoto hajui aanze kushika wapi.

Kibanda7

Nimemuuliza. Anasema farasi hana shingo, kichwa kimebandikwa kwenye mabega. Nimekwenda kuangalia. Miaka sita sikuona.

MwalimuKondoa

Asanteni sana, na marahaba haikuhusu, Mpingo_Mwenge, mimi nina miaka 31. Shikamoo.

Jana nimeutoa mchoro kabatini nikakaa nao ofisini walimu wenzangu wakiwa chai. Nilijilazimisha kuandika ninachoona tu, bila kusifu. Nikaandika: chungu cha kushoto kimechukua karibu theluthi ya karatasi. Masizi yamepakwa kwa kidole, alama ya kidole inaonekana. Mlango uko mbali, mdogo, na ndio mahali pekee palipoachwa peupe. Kitenge cha bibi kimechorwa ua kwa ua, miguu imekaa sawasawa, kucha zipo. Juu ya kiuno moshi, kisha hakuna.

Nilipofika kwenye kucha nikaacha kalamu. Yule mtoto amekaa chini! Amechora akiwa amekaa sakafuni karibu na mafiga. Ukikaa pale chungu ni kikubwa kuliko mlango, hakuna ubishi, na mtu mzima ni kitenge na miguu. Mimi nilikuwa napima vipimo vya mtu aliyesimama. Nikatoa vyungu kama ulivyosema, likabaki banda lenye mlango, na pa kukaa pale chini hapapo tena.

Nikamwita binti. Nikamweleza yote hayo kwa madoido, nikamuuliza: na kichwa cha bibi, ulikificha makusudi kwenye moshi ili tumtazame kwa macho ya mtoto aliyekaa? Akaniangalia kwa huruma. "Karatasi iliisha, mwalimu."

Mpingo_Mwenge

Marahaba mwanangu. Gogo nalo huisha. Unadhani kwa nini bibi zetu wa mpingo wengi wamechutama?