Naomba ushauri: halmashauri yetu inataka kujenga fremu za maduka kwenye uwanja wa wazi ili kuongeza mapato

Mkazi wa Kata ya Kati

Ndugu wanajukwaa, natanguliza heshima kwenu nyote, hasa wakubwa wenye uzoefu wa serikali za mitaa.

Ninaishi katika mji mdogo wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania wenye hadhi ya halmashauri ya mji. Sitautaja jina, kwa kuwa jambo lenyewe bado liko mezani na si haki mtu kuhukumiwa kabla ya uamuzi. Kata yetu ina uwanja mmoja tu wa wazi. Asubuhi vijana hufanyia mazoezi pale, mchana watoto hucheza, na jioni akina mama hupanga meza za matunda na chipsi kando ya barabara. Hakuna sehemu nyingine ambako mtoto wa kata hii anaweza kukimbia bila kuogopa bodaboda.

Rasimu ya bajeti na ya sheria ndogo za ada na ushuru, ambayo italetwa mbele ya baraza la madiwani, ina mambo matatu yanayotugusa. Kwanza, ada ya taka itapanda kutoka shilingi 2,000 hadi 3,000 kwa kaya kwa mwezi. Pili, wenye meza za jioni wataanza kutozwa ushuru. Tatu, na hili ndilo linalotuumiza, zitajengwa fremu 24 katika pande mbili za uwanja, kila moja ipangishwe kwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Diwani wetu ametueleza kwa uungwana kwamba halmashauri inabanwa iongeze mapato ya ndani, na kwamba karibu nusu ya kaya 5,000 za kata yetu hazilipi ada ya taka.

Ninaomba kuelekezwa: je, wakazi tunaweza kusikilizwa kabla baraza halijapitisha? Je, kodi ya majengo tunayokatwa kila tunaponunua umeme siyo ambayo ingetunza maeneo kama haya? Na je, tukubali fremu za upande mmoja ili tuokoe upande wa pili, au tukatae kabisa?

Mtendaji Mstaafu

Dada, nianze na kodi ya majengo, kwa sababu hapo ndipo wananchi wengi hutoa hoja ambayo hujibiwa kwa sentensi moja na mjadala ukaishia hapo. Tangu mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi hiyo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na kuanzia Agosti 2021 ikaanza kukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 viwango vikapanda hadi 1,500 na 7,500. Kwa hiyo ukimwambia mkurugenzi kwamba unakatwa kodi ya jengo na bado uwanja hauna taa, atakujibu kwamba fedha hiyo haikusanywi na ofisi yake, na atakuwa amesema kweli. Halmashauri inaishi kwa leseni za biashara, ushuru wa huduma, masoko, stendi, machinjio, vibali vya ujenzi na ada kama hiyo ya taka. Tena katika mapato hayo ya ndani sheria inataka asilimia 10 itengwe kwa mikopo ya vikundi, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ndiyo sababu macho yao yametua kwenye uwanja: ardhi wanayo tayari, na mpangaji wa fremu hakosekani.

Kuhusu kusikilizwa, nafasi ipo, lakini watu huitafuta mahali pasipo pake. Wananchi wengi husubiri siku ya mkutano wa baraza, wakaenda wamejaa ukumbini, na huko wanagundua kwamba mkutano ni wa wazi kwa kusikiliza tu, na mwenye haki ya kusema ni mjumbe. Uamuzi huwa umekwisha kuiva kwenye kamati za kudumu. Kwa jambo lenu kamati ni mbili: Kamati ya Fedha, itakayopitia viwango vya ada, na Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, ambayo uwanja uko mikononi mwake. Andikeni barua kwa mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa baraza, mkiomba maoni yenu yawekwe katika makabrasha ya kamati hizo, yaani nyaraka wanazopewa wajumbe kabla ya kikao, na nakala mpeni diwani. Kabla ya hapo, ombeni mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano wa mtaa, jambo lijadiliwe, na muhtasari wake upelekwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni huyo huyo diwani. Diwani mwenye muhtasari wa kata mkononi husimama kwenye kamati akiwa na nguvu tofauti kabisa na diwani mwenye malalamiko aliyoyasikia njiani.

Sheria ndogo nazo zina ngazi zake. Halmashauri inapaswa kuwatangazia wananchi kusudio lake na kupokea maoni, kisha baraza lipitishe, kisha waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aidhinishe, na mwisho itangazwe katika Gazeti la Serikali. Ada isiyopita ngazi hizo haina nguvu ya kisheria, hata kama risiti zake zimeanza kutolewa.

Mfanyabiashara wa Stendi

Mimi nitasema tofauti, na ninaomba nisieleweke vibaya. Kijana anayemaliza shule katika miji yetu hana pa kufanyia biashara. Fremu za watu binafsi zinadai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na kwa 40,000 ya halmashauri wengi wangepata pa kuanzia. Nimeona pia viwanja vya wazi vilivyolindwa kwa maneno matamu na baadaye vikageuka jalala, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kulipa mlinzi wala wa kukata majani. Mnaopinga fremu, tafadhali mseme fedha ya kuutunza uwanja itatoka wapi.

Mpima Ramani

Swali la ndugu yangu ni la haki na linastahili tarakimu. Fremu 24 kwa 40,000 ni shilingi 960,000 kwa mwezi, sawa na 11,520,000 kwa mwaka, ikiwa zote zimepangishwa na wapangaji wote wanalipa, na hapo gharama ya kujenga haijaondolewa. Sasa tazama taka. Ikiwa kaya 2,500 hazilipi ada ya sasa ya 2,000, kinachopotea ni milioni 5 kwa mwezi, yaani milioni 60 kwa mwaka, katika kata hii moja. Halmashauri inapandisha ada kwa wale wanaolipa, inauza uwanja wa watoto, na inaacha fedha inayozidi kodi ya fremu mara tano ibaki mitaani. Hata nusu ya kaya hizo zikianza kulipa, milioni 30 zinapatikana bila tofali hata moja kulazwa uwanjani.

Jambo la pili ni la kazi yangu. Nendeni ofisi ya ardhi ya halmashauri mkaombe kuona mchoro wa mipango miji wa eneo lenu, muone uwanja huo umeandikwa matumizi gani. Ikiwa umechorwa kuwa eneo la wazi au la michezo, basi kujenga maduka ni kubadilisha matumizi ya ardhi, na mabadiliko ya namna hiyo yanaongozwa na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, yenye utaratibu wake unaojitegemea. Kifungu cha mapato katika bajeti hakiwezi kuuondoa utaratibu huo. Mkizungushwa, andikeni ombi rasmi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mhusika siku 30 za kujibu. Ombeni mapema, maana siku hizo 30 zinaweza kuwapitisha tarehe ya kikao.

Kuhusu kukubali upande mmoja, mimi nasema hapana. Ukuta wa fremu haurudi nyuma. Mpangaji ataongeza kibaraza, atapanga bidhaa mbele yake, mteja atahitaji pa kuegesha gari, na upande uliodhani umeuokoa utaliwa taratibu pasipo kikao chochote kuamua.

Jirani wa Nakuru

Hujambo dadangu. Huku Kenya tumelipitia jambo hili kwa ukubwa zaidi. Mwaka 1989 ilipopangwa kujengwa jumba la orofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alianza kwa kuandika barua kwa ofisi moja baada ya nyingine, za ndani na za nje. Alitukanwa hadi bungeni, lakini wafadhili walijiondoa na mradi ukaachwa. Bustani ingali pale.

Kuhusu ada, mwaka 2014 Mahakama Kuu yetu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa kuwa umma haukushirikishwa ipasavyo. Sheria zenu ni tofauti na zetu, ila ninawasihi mweke nakala ya kila barua yenye muhuri wa kupokelewa, pamoja na tarehe.

Mkazi wa Kata ya Kati

Nawashukuru sana nyote. Nimezungumza na mwenyekiti wa mtaa, naye amekubali kuitisha mkutano. Ninataka tupeleke pendekezo lenye suluhisho, si pingamizi tupu, na swali la Mfanyabiashara wa Stendi nimelichukua kwa uzito, kwa kuwa vijana anaowasema ni wa kwetu. Je, kuna namna ya kuwapa nafasi bila kujenga fremu?

Mtendaji Mstaafu

Ipo. Bustani ya Forodhani, Zanzibar, ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na kila jioni wauza vyakula hupanga meza zao pale, watu wakala na kupumzika, na asubuhi bustani ni bustani tena. Pendekezeni meza za jioni zenye namba, katika upande wa barabara pekee, kwa ushuru mdogo wa siku unaolipwa kwa mashine na kutolewa risiti. Ombeni kiwango hicho kiandikwe katika sheria ndogo yenyewe, pamoja na kipengele kinachosema mapato ya meza hizo yalipie kwanza taa, vyoo na mlinzi wa uwanja huo. Kuhusu taka, jitoleeni kamati ya mtaa isaidie kuorodhesha kaya zisizolipa, na ombeni ada ibaki 2,000 kwa mwaka mmoja wa fedha ili matokeo yapimwe.

Barua isizidi kurasa mbili. Hesabu za Mpima Ramani ziwe ukurasa wa kwanza, muhtasari wa mkutano wa mtaa na mahudhurio yaliyosainiwa viwe viambatisho, na ifike masjala kabla makabrasha ya kamati hayajasambazwa kwa wajumbe.