Afisa kazi aamue kesi za kufukuzwa, au abaki mkaguzi?

Hoja: Mafundi na vibarua wa ujenzi hapa Dodoma wakiachishwa kazi, wengi hukimbilia Idara ya Kazi. Afisa kazi wa idara hiyo akague tu, au apewe na rungu la kuamua?

Katibu wa tawi, Mtumba: Apewe. Aliyefukuzwa ana siku 30 kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Madai mengine, kama mshahara, siku 60. Fundi anaanzia kwa afisa kazi, mwajiri anapigiwa simu, "njoo Jumatatu", siku zinakatika. Akifika CMA inabidi aombe kwanza kuongezewa muda, na aeleze kwa nini alichelewa.

Afisa rasilimali watu, Kizota: Hilo ni tatizo la maelekezo, ndugu katibu. Afisa kazi meno anayo: anaingia eneo la kazi bila kutoa taarifa, anadai mikataba na kumbukumbu za mishahara, anatoa amri ya utekelezaji, yaani ya kumtaka mwajiri atimize sheria. Mwajiri asiporidhika anapinga kwa Kamishna wa Kazi. Sasa huyo huyo akageuka hakimu, nani atamfungulia mafaili kwa roho safi?

Wakili, Area C: Mafaili lazima afungue, roho safi au chafu, sheria haimwombi. Ila mkaguzi kuamua kesi aliyoichunguza mwenyewe sikubali. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri ndiye anayethibitisha kwamba alifukuza kwa haki. Panahitajika mwamuzi asiye na upande.

Halafu kesi nyingi hufia kwenye Fomu Na. 1, ile ya kufungulia mgogoro CMA. Mtu anaandika jina la kwenye bango la saiti badala ya kampuni iliyosajiliwa, au anamshtaki mkandarasi mkuu wakati aliyemwajiri ni mkandarasi mdogo. Anashinda, lakini tuzo (uamuzi wa CMA) haina wa kukaziwa, hakuna wa kulazimishwa kulipa. Wengine hawampelekei mwajiri nakala, au hawana uthibitisho kwamba aliipokea.

Mtumishi, Iyumbu: Watumishi wa umma msituchanganye humo. Tangu Sheria ya Utumishi wa Umma irekebishwe 2016, tunamaliza kwanza ngazi za rufaa za utumishi kabla ya kwenda CMA.

Katibu wa tawi, Mtumba: Sawa, afisa kazi asiamue. Basi siku ile ile ampe mlalamikaji fomu, amsaidie jina sahihi la mwajiri (kumbukumbu si anazo?) na amwandikie tarehe ya mwisho.

Wakili, Area C: Hiyo naiunga mkono. Na lalamiko lililopokelewa idarani lisimamishe kuhesabu siku.

Afisa rasilimali watu, Kizota: Kusimamisha siku, hapana. Mtu atakaa mwaka mzima na karatasi mfukoni.