Hasira na huruma katika maamuzi ya kikoba: tunahukumu deni au mtu?

Katibu wa Kikoba:
Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo yenu. Katika mkutano uliopita wa kikoba chetu, yaani kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, wanachama wawili waliokuwa wamechelewesha marejesho kwa muda uleule waliomba kuongezewa muda. Wa kwanza alisimama mbele yetu, akaeleza jinsi mvua ilivyoharibu mboga zake sokoni na kuomba radhi, nasi tukamkubalia bila hata kumtoza faini iliyomo kwenye katiba. Wa pili alituma ujumbe wa simu, na kwa kuwa wengi walikuwa wamemwona harusini akiwatunza maharusi fedha kwa mbwembwe, mkutano ulimkatalia kwa sauti moja na kuamua hisa zake zikatwe kufidia deni. Nilipokuwa naandika muhtasari nikaona kwamba madeni yale yanafanana kwa kila kitu isipokuwa uamuzi. Je, inafaa hisia zituongoze kiasi hicho katika fedha za watu?

Mwanaushirika:
Haifai, Ndugu Katibu. Katiba iliandikwa wakati ambapo hakuna aliyekuwa na deni wala kinyongo, na ndiyo maana inaaminika kuliko mkutano wenye joto. Kama faini imetajwa, wote wawili wailipe. Kama kuongeza muda kunaruhusiwa, wote wawili wapewe. Mkianza kupima nani ni mnyenyekevu, mwanachama mpole atakopa kwa upole wake, na asiyejua kujieleza ataumia hata akiwa mwaminifu.

Mwalimu wa Uchumi:
Nakubaliana na Mwanaushirika kuhusu faini, lakini sikubali kwamba hisia ni takataka za kufagiliwa nje ya mkutano. Mwaka 1982 Werner Güth na wenzake nchini Ujerumani walifanya jaribio ambalo mtu mmoja hupewa fedha na kumpendekezea mwenzake mgawo. Mwenzake akikataa, wote wawili hukosa. Kwa hesabu tupu, mtu angepaswa kupokea chochote, maana kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini katika majaribio mengi ya aina hiyo waliopewa kipande kidogo sana walikataa mara nyingi, wakawa tayari kupoteza fedha ili dhuluma isipite. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mgawo uleule mdogo ulikataliwa mara nyingi zaidi ulipotoka kwa binadamu kuliko ulipotoka kwa kompyuta. Kinachochoma, basi, si upungufu wa fedha peke yake bali nia tunayoisoma kwa mwenzetu.

Hasira hiyo ina kazi kubwa katika kikoba, kwa sababu wengi hawakopi kwa hati ya nyumba bali kwa hisa zao, wadhamini wao na heshima yao mbele ya wenzao. Waorma wa Kenya walipoletewa jaribio la kuchangia mfuko wa pamoja, waliliita mara moja mchezo wa harambee. Walilipima kwa kitu wanachokiishi, yaani nani huchangia na nani hukwepa. Kwa hiyo, hasira ya wanachama wako iliwaambia jambo la kweli, kwamba asiyekuja kujieleza ameivunja imani. Kosa ni kuiachia hasira hiyo ipange na adhabu, wakati huohuo huruma ikifuta faini ya mwingine.

Mweka Hazina Mstaafu:
Katibu mwanangu, nimeshika daftari la kikoba miaka mingi. Jambo la harusi lilipaswa kuulizwa, si kudhaniwa, maana huenda fedha alizotunza zilikuwa mchango wa ukoo aliokabidhiwa apeleke. Sisi tulizoea kusikiliza maombi katika mkutano mmoja na kuamua katika unaofuata, na katikati wadhamini walikwenda nyumbani kwa mhusika. Tena mwenyekiti alisema mwisho, kwa sababu akianza yeye kukunja uso, wengine hawasemi wanachofikiri bali wanamfuata. Na kura iwe ya siri. Mkono ulionyooshwa hutazamwa na jirani.

Katibu wa Kikoba:
Nawashukuru sana. Nitaomba uamuzi wa kukata hisa usimamishwe hadi mwanachama yule asikilizwe, na faini itozwe kwa wote wawili. Mama, kwetu wapo wasiojua kusoma na kuandika; kura ya siri mliipigaje?

Mweka Hazina Mstaafu:
Kwa punje, mwanangu. Kila mmoja hupewa punje moja ya hindi na moja ya haragwe, hindi kwa kukubali na haragwe kwa kukataa, kisha huingia nyuma ya pazia na kutumbukiza moja kwenye mfuko wa kura. Ile inayobaki huitia kwenye mfuko wa pili, ili asionekane nayo mkononi. Hakikisha mifuko yote ni ya kitambaa kizito, na kuhesabu kufanyike mbele ya wote.