Kahama baada ya Buzwagi: manispaa inaishi kwa kutegemea nini?

Mhamiaji wa Dodoma ameuliza:

Habari za leo, wakuu. Mwajiri wangu ananihamishia Kahama kuanzia mwezi ujao, na kabla sijahamisha familia ningependa kuufahamu mji huo vizuri zaidi. Ninayoyasikia yanapingana: wapo wanaosema Kahama ni mji wa migodi ambao umepoa tangu mgodi wa dhahabu wa Buzwagi ufungwe, na wapo wanaoapa kwamba unazidi kupanuka kila mwaka. Vilevile mipaka yake inanichanganya, kwa sababu mgodi mwingine wa dhahabu, Bulyanhulu, hutajwa kuwa uko Kahama, kisha nikisoma taarifa za serikali naukuta Msalala. Naomba wenyeji mnieleze manispaa hii inategemea nini hasa, na kama biashara ya mchele ambayo mke wangu anafikiria kuianzisha itapata nafasi.

Mwenyeji wa Nyihogo amejibu:

Karibu sana, mkuu. Nianze na mipaka, kwa sababu huo mkanganyiko ulioutaja ndio unaowafanya wengi wauhukumu mji huu vibaya. Wilaya ya Kahama ni moja, lakini ina halmashauri tatu, yaani Kahama yenyewe, Msalala na Ushetu. Januari 2021 Hayati Rais John Magufuli, akiwa ziarani hapa, alitangaza kuupandisha mji hadhi kuwa manispaa. Buzwagi, uliokuwa mgodi wa shimo la wazi, upo kilomita chache tu kutoka katikati ya mji, upande wa Mwendakulima, kwa hiyo ni wa manispaa. Bulyanhulu, mgodi wa chini ya ardhi ulioanza kuzalisha mwaka 2001, uko Msalala, na mji ulio jirani nao ni Kakola. Ushetu ni nchi ya wakulima wa tumbaku, pamba na mahindi.

Mipaka hiyo ina fedha ndani yake. Ushuru wa huduma, ambao wakati Buzwagi inazalisha ulikuwa asilimia 0.3 ya mapato ghafi, huenda kwenye halmashauri ambamo shughuli inafanyika. Buzwagi ilipozima mitambo, manispaa ilipoteza chanzo hicho, ilhali Msalala iliendelea kupokea wa Bulyanhulu. Hata hivyo, mfanyakazi wa Bulyanhulu mwenye familia mara nyingi amejenga au amepanga hapa mjini, bati na saruji ananunua hapa, watoto wanasoma hapa, hivyo Msalala inapata ushuru na Kahama inapata mshahara. Kuhusu kupoa, sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 242,000 na ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 450,000. Manispaa ya Shinyanga, ambayo ndiyo makao makuu ya mkoa, haifikii nusu ya hapo, jambo ambalo huwa tunalisema kwa majigambo kidogo, na ndugu zetu wa Shinyanga watusamehe.

Fundi Mitambo amejibu:

Nakubaliana na mwenyeji wa Nyihogo kuhusu takwimu, ila nadhani amelipitia suala la Buzwagi kwa haraka mno. Nilifanya kazi humo chini ya kampuni moja ya ukandarasi, na ninaweza kusema kwamba mgodi haukufa siku moja. Ulifunguliwa mwaka 2009 na ulikuwa ukitoa dhahabu pamoja na makinikia (mchanga wa madini ambao bado haujayeyushwa) yenye shaba, ndiyo maana zuio la Machi 2017 la kusafirisha makinikia nje ya nchi liliuumiza, na Bulyanhulu liliiumiza zaidi, mpaka shughuli za chini ya ardhi zikasimama. Mgogoro ule wa serikali na wenye migodi ulipomalizwa na kampuni ya ubia ya Twiga Minerals kuundwa, kampuni ya madini ya Barrick ikiwa na asilimia 84 na serikali asilimia 16, Bulyanhulu ilifufuliwa. Buzwagi haikuwa na cha kufufua. Uchimbaji wa shimo ulikoma kwanza, na kilichoendelea hadi 2021 ni kusaga mawe yaliyokuwa yamelundikwa juu. Kwa hiyo watu walipunguzwa kwa mafungu, na aliyekuwa na masikio alijiandaa mapema.

Walioumia ni wenye vyumba vya kupangisha vya karibu na mgodi, walionunua viwanja kwa bei ya juu wakiamini kwamba dhahabu haiishi. Mimi mwenyewe nilikuwa na vyumba huko, na nilishusha kodi mpaka nikachoka kushusha, kwa sababu aliyebaki kupanga alikuwa dereva wa bodaboda au mwanafunzi, wala si fundi wa mgodini mwenye posho ya nyumba.

Eneo la mgodi sasa limetengwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi, na ndipo panapotarajiwa kujengwa kiwanda cha kusafishia nikeli ya Kabanga, Ngara, ambacho kampuni ya Tembo Nickel ilipewa leseni yake mwaka 2024. Ni mpango mzuri, kwa sababu umeme, barabara na kiwanja cha ndege vilivyoachwa na mgodi vipo tayari. Pamoja na hayo, sitajenga chumba kingine kwa kutegemea kiwanda ambacho sijakiona kikitoa moshi.

Mchenjuaji wa Mwime amejibu:

Ndugu zangu, mnazungumzia migodi mikubwa kana kwamba dhahabu yote ya Kahama hutoka huko. Mgeni wetu akifika, aende Mwime siku moja asubuhi, atakuta makarasha, yaani mashine za kusaga mawe ya dhahabu, yanaunguruma toka alfajiri. Mawe huletwa kwa viroba kutoka kwenye maduara (mashimo) ya wachimbaji wadogo wa maeneo mbalimbali, yanapondwa na kusagwa mpaka yawe unga, kisha unga huo huoshwa kwa maji kwenye mialo, yaani mbao za mteremko zilizotandikwa magunia, ili dhahabu nzito inase. Kilichonasa hukung'utwa kwenye karai, huchanganywa na zebaki, hukamuliwa kwa kitambaa, na kile kidonge kinachobaki huchomwa.

Wengi hawajui kwamba mwenye karasha faida yake kubwa haipo kwenye malipo ya kusaga. Mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao tunauita marudio, mara nyingi hubaki kuwa mali yake, na bado una dhahabu ambayo zebaki haikuishika. Marudio yakishakuwa mengi huchenjuliwa kwa sianidi kwenye matangi, dhahabu inanasa kwenye kaboni, na kaboni inapelekwa elusheni, yaani kwenye mtambo wa kuitenganisha dhahabu na kaboni. Katika mzunguko huo kuna fundi wa kuchomelea, muuza dizeli, mama lishe, mbeba viroba, dereva na dalali, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa kwenye orodha ya mishahara ya Buzwagi.

Mwaka 2019 serikali iliondoa kodi ya zuio ya asilimia 5 na VAT kwa wachimbaji wadogo, ikafungua masoko ya madini, Kahama ikiwemo. Sasa unauza sokoni hadharani, unakatwa mrabaha (sehemu ya serikali) wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, unaondoka na karatasi yako. Zamani dhahabu ilipita mifukoni mwa watu na halmashauri haikuona hata senti.

Sifichi upande wa pili. Vijana bado wanashika zebaki kwa mikono mitupu na kuichoma karibu na wanakolala, ingawa nchi iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Na maduara yanaua. Huko Nyangalata, mwaka 2015, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya kufukiwa kwa siku 41, nchi nzima ikashangilia, lakini siku nyingi duara likititia hatushangilii.

Mama Mchele wa Kagongwa amejibu:

Nimjibu mgeni kuhusu mkewe, kwa kuwa naona kaka zangu wameshikilia dhahabu. Kagongwa imo ndani ya manispaa, kwenye barabara ya kwenda Isaka, na ndiko kwenye mashine nyingi za kukoboa mpunga. Mpunga wetu hulimwa kwenye majaruba kwa kutegemea mvua, kwa hiyo mwaka wa mvua mbaya hata mwenye mtaji mkubwa anakaa anaangalia mashine. Wanunuzi hutoka Dar es Salaam, Rwanda, Burundi na hata Uganda, kwa sababu barabara ya kwenda mipakani Rusumo na Kabanga inapita hapa hapa mjini.

Amwambie dada asianze kwa kununua mchele uliokwisha kukobolewa. Anunue mpunga wakati wa mavuno, akague mwenyewe kwa kuing'ata punje: ikikatika kwa mlio mkavu ni kavu, ikibonyea ina unyevu na itatoa chenga (punje zilizovunjika) nyingi mashineni, na chenga haina bei. Akishaweka stoo, avumilie mpaka mwisho wa mwaka bei zipande, lakini kwa fedha yake mwenyewe, maana mkopo wenye marejesho ya kila mwezi utamlazimisha auze kabla ya wakati. Aulize pia mapema pumba zinabaki kwa nani, yeye au mwenye mashine, kwa sababu wafugaji wanazinunua na watu hugombana kwa ajili yake.

Mhamiaji wa Dodoma ameuliza tena:

Nawashukuru nyote, na shukrani za pekee kwa mama wa Kagongwa, ambaye ujumbe wake tayari umesomwa na mhusika. Nimalizie kwa mambo mawili: maji yanapatikanaje, na je, ni busara kupanga upande wa Mwendakulima ambako naambiwa kodi ni nafuu?

Mwenyeji wa Nyihogo amejibu:

Maji yetu ni ya Ziwa Victoria, yanachukuliwa Ihelele, wilayani Misungwi, kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2009 unaohudumia Shinyanga na Kahama. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa visima na mabwawa, na kiangazi kilikuwa adhabu. Siku hizi tatizo ni mitaa mipya inayojengwa kwa kasi kuliko mabomba, hivyo kabla ya kulipa kodi fungua bomba mwenyewe, na uwaulize majirani linatoka siku zipi.

Mwendakulima hakuna ubaya wowote, na kodi ni nafuu kwa sababu alizozieleza Fundi Mitambo. Ila kama shughuli za mama zitakuwa Kagongwa na ofisi yako ipo mjini, hesabu nauli za kila siku kabla ya kufurahia kodi ndogo.

Fundi Mitambo amejibu:

Nina vyumba viwili vya kujitegemea, maji yanatoka, na fensi ipo. Mkuu, nitumie ujumbe wa faragha.